Mshikaki wa Mwalimu Ushijima

Jumamosi ile Fundi Yokomizo alipofungua tena duka lake baada ya miezi minne na nusu, viti saba kati ya vinane vilikuwa vimejaa kabla ya saa kumi na mbili jioni, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeagiza kuku.

Hebu fikiria jambo hilo. Duka la mishikaki ya kuku. Mkaa umewashwa tangu saa kumi, umekolea mpaka umekuwa mwekundu ndani na mweupe juu. Mishikaki imepangwa kwenye trei, mapaja upande huu, ngozi upande ule, maini, mioyo, firigisi, shingo. Na mbele ya vyote hivyo wamekaa watu wazima saba, wanatafuna kabichi mbichi. Kwetu hapa mjini Kurume kabichi na siki ni vitu vya bure. Unawekewa ukishakaa tu, uwe na cha kutafuna wakati kuku wako yuko motoni. Havijapata kuwa chakula cha jioni cha mtu yeyote mwenye akili timamu.

“Mimi leo nimeshiba, Fundi,” alisema Bwana Koga, muuza matairi, mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kushiba. “Mchana nilizidisha. Nipe tofu ya baridi tu.”

“Na mimi matango ya chumvi,” alisema Bwana Eguchi, kinyozi wa mtaa wa pili. “Polepole, Fundi. Sisi hatuna haraka.”

“Sisi soya za kuchemsha zinatutosha,” walisema mke na mume waliokaa kwenye kona.

Fundi akaitikia, sawa, sawa, asanteni. Binti yake Mitsuyo, aliyekuja kwa treni kutoka Kumamoto kumsaidia kumimina vinywaji, akakata tofu, ule mgando mweupe wa soya, akakata matango, akamwaga soya kwenye bakuli. Alikuwa na kazi nyingi. Mwenye duka hakuwa na kazi.

Watu wetu wana ugonjwa mmoja, nami nausema waziwazi kwa sababu ninao. Tukimpenda mtu tunajizuia kwake. Kwenye sahani ya pamoja kipande cha mwisho kitakaa palepale mpaka kikauke, kila mtu akimwachia mwenzake, na mwishowe kinatupwa, na sote tunarudi nyumbani tukijiona watu wema. Jana yake kila mmoja wa wale saba, kwake nyumbani, bila kushauriana na mtu, alikuwa amejiambia kwamba Fundi ametoka kuugua kiharusi, mkono bado haujapona, asije akamchosha bure. Ataenda amwone, anywe kidogo, aagize kitu kisichopita motoni. Wakaja wote saba na wema wao uleule.

Fundi alisimama nyuma ya jiko lake, upepeo mkono wa kushoto, mkono wa kulia ameuficha chini ya aproni. Mkaa mgumu wa mwaloni hautoi moshi. Moshi wa duka la mishikaki ni mafuta ya kuku yanayodondokea motoni, na jioni ile hakuna kilichodondoka. Bomba la juu, lililozoea kumwaga harufu barabarani na kuwavuta wapita njia kwa pua, lilikuwa likitoa hewa safi. Kwa miaka thelathini na sita hakuwahi kuziona vizuri namna ile sura za wateja wake, na alitamani asizione.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba jioni hii aliiomba mwenyewe. Mwezi wa sita alianguka katikati ya jiko na friji, akiwa peke yake, mkewe akiwa amekwisha kufa miaka sita nyuma, na akalala sakafuni mpaka alfajiri alipokutwa na mleta kuku. Mitsuyo hakulisahau hilo, na ni mtoto gani angelisahau? Alikuwa ameshamtengenezea baba yake chumba huko Kumamoto, chumba chenye dirisha la kusini na kitanda cha kuinuliwa kichwani. Na ndani ya mkoba wake, uliokuwa umening'inizwa kwenye msumari karibu na chupa za sake, pombe ya mchele, mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara mbili. “Kwa miaka thelathini na sita mmetufadhili. Duka limefungwa. Asanteni sana. Yokomizo.”

Aliyeandika maneno hayo ni Fundi mwenyewe. Hospitali walimwambia auzoeze mkono wa kushoto kwa kuandika, na walipomuuliza ataandika nini, hakuwa na kitu kingine kichwani. Aliliandika tangazo lile asubuhi na jioni kwa miezi mitatu, karatasi juu ya karatasi, mpaka herufi zikaacha kuangukiana. Lililonyooka kuliko yote Mitsuyo akalichukua.

“Jumamosi moja tu, mwanangu,” alikuwa amemwomba. “Nikishindwa kusimama kwenye jiko langu, kesho yake ubandike hilo tangazo mlangoni, nami nitapanda treni pamoja nawe. Sitasema neno.”

“Hata moja, Baba?”

“Hata moja.”

Alikuwa amejiandaa kushinda, na alikuwa amejiandaa kushindwa. Hakujiandaa kukaa jioni nzima bila kuguswa, kama chombo cha maonyesho. Maana fundi asiyeagizwa kitu ni fundi wa nini? Hata Mitsuyo alikuwa ameanza kumtazama kwa jicho la huruma, na huruma ya binti yako mwenyewe inachoma kuliko mkaa.

Saa kumi na mbili na robo Bwana Koga aliona aibu, akakohoa.

“Labda, Fundi... kidari kimoja. Cha chumvi, kile chepesi. Ukiweza, lakini. Usipoweza si neno kabisa.”

Fundi akauchukua mshikaki kwa mkono wa kulia. Wa kulia hugeuza, wa kushoto hupepea: ndivyo alivyofundishwa akiwa na miaka ishirini, na fundi aliyemfundisha kuchoma alikuwa akimgonga vifundo vya vidole kila alipokosea. Tangu siku hizo mikono yake iliishi kama mume na mke wa zamani, kila mmoja na kazi yake, hakuna anayeingia jikoni kwa mwenzake. Mkono wa kulia sasa ulitetemeka. Haukutetemeka sana, lakini kijiti cha mianzi ni chembamba, na kikishapata mafuta kinateleza. Kidari kikageuka, kikageuka tena, kikapata doa jeusi upande mmoja.

“Tamu!” alisema Bwana Koga, na nyama ilikuwa bado haijamgusa ulimi. “Tamu kabisa!”

“Fundi ni yuleyule!” alisema Bwana Eguchi, ambaye hakuonja chochote.

“Harufu yake tu!” alisema mke wa kwenye kona.

Wakapiga makofi. Naapa, walipiga makofi, kwa kidari kimoja kilichoungua! Hospitalini pia walimpigia makofi hivyo hivyo alipofanikiwa kufunga kifungo cha shati. Fundi akainamisha kichwa kushukuru, na masikio yake yakawa mekundu, na moyoni akasema, basi, yamekwisha, nitakwenda Kumamoto.

Hapo ndipo mlango uliposukumwa, akaingia Mwalimu Ushijima.

Mwalimu Ushijima Sumie alikuwa na miaka themanini na mitatu na mgongo ulionyooka kama rula. Kwa nusu karne aliwafundisha watoto wa mtaa ule kuandika kwa brashi. Koga alipita mikononi mwake, Eguchi alipita, na wote wawili wakimwona hata leo huficha vidole. Kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu alikuja kukaa kwenye kiti cha tatu kutoka mlangoni, ambacho hakuna mwingine aliyethubutu kukikalia. Na kila Jumamosi, kwa miaka thelathini na sita, akishameza mshikaki wa kwanza alisema neno lilelile: “Chumvi imezidi.” Hakuwahi kusifu kitu, hata siku moja. Zamani Fundi alikuwa akienda nyuma ya duka kumlaani kwa sauti ya chini. Alipolazwa, mtaa mzima ulipeleka maua na matikiti. Mwalimu Ushijima hakupeleka hata kadi.

Akakaa. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

“Nani amekufa?”

Akaonyesha sahani zao kwa kidevu.

“Nauliza kwa sababu nyama haionekani. Tofu, matango, majani. Nimedhani nimeingia msibani.”

“Hapana, Mwalimu,” alisema Bwana Koga kwa sauti ya mtoto wa darasa la tatu. “Ni kwamba Fundi ndiyo kwanza ametoka...”

“Koga, wewe ndiye unayechoma?”

“Hapana, Mwalimu.”

“Basi kula majani yako.” Akamgeukia Fundi. “Sake ya moto. Ngozi mbili. Ini moja, ndani libaki laini. Na taa.”

Duka zima likaacha kutafuna.

Taa ndio mshikaki mgumu kuliko yote. Ni kiini cha yai ambalo kuku hakuwahi kulitaga, kimeshikana na mfuko wake, kinaning'inia nje ya kijiti, cha mviringo, cha manjano, kama taa ndogo ya karatasi. Nyama huiva kwenye moto na kiini hupashwa kando ya moto, na kati ya hapo na hapo ni upana wa kidole. Moto ukizidi kidogo kinapasuka, na mkono ukitikisika kinapasuka pia. Mwenye kula hukitia kinywani kizima na kukipasua humo. Kuku wanaotoa taa si wengi. Siku nyingine zipo mbili, siku nyingine haipo.

“Zimeisha, Mwalimu,” alisema Mitsuyo.

“Zipo mbili,” alisema Fundi.

Walisema kwa pamoja, kisha wakatazamana, baba na binti.

“Mbili ni zaidi ya zilizoisha,” alisema Mwalimu Ushijima. “Nasubiri.”

Fundi akaweka ngozi na ini motoni. Zile zilikwenda kama zilivyokwenda: mafuta yakadondoka, moshi wa kwanza wa jioni ile ukapanda, na jasho likamtoka puani. Akazipeleka kwenye sahani. Mwalimu akauinua mshikaki wa ngozi, akaukagua chini ya taa ya kaunta kama anayekagua kazi ya mwanafunzi.

“Upande huu umeungua.”

Mke wa kwenye kona akaziba mdomo kwa mkono. Bwana Eguchi akafumba macho.

Lakini Fundi! Fundi alihisi kitu kikimfunguka kifuani. Tangu gari la wagonjwa limbebe hapo sakafuni, lile lilikuwa neno la kwanza la kweli alilosikia. Madaktari walimwambia unaendelea vizuri, wauguzi wakamwambia hongera babu, wateja wakamwambia tamu kabisa. Huyu mama kamwambia upande huu umeungua, na ulikuwa umeungua.

“Ni kweli,” alisema. “Umeungua.”

“Mimi nina macho,” alisema Mwalimu. “Taa yangu?”

Akaichukua taa ya kwanza. Akainama, akaushika mshikaki kwa mkono wa kulia, kiini kikaning'inia ukingoni mwa jiko, na kwa mkono wa kushoto akapepea. Nyama ikaanza kubadilika rangi. Wote wakanyoosha shingo. Hata Bwana Koga alikuwa ameshikilia jani la kabichi hewani. Fundi akageuza. Mkono ukatetemeka. Akaubana kiwiko ubavuni, akageuza tena, nao ukatetemeka zaidi kwa kubanwa. Kiini kikagonga ukingo wa chuma, kikapasuka, kikamwagikia mkaa na kulia chwaaa, na harufu ya yai lililoungua ikajaa pote.

“Si neno!” walisema watu sita kwa pamoja.

“Nipe mimi, Fundi, mimi nitaila hivyo hivyo!” alisema Bwana Koga. “Kwani kuna tofauti gani?”

Mitsuyo aligeukia ukutani. Alikuwa ameushika mkoba wake pale msumarini, si kuuchukua, ameushika tu, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Alikuwa hapendi kushinda kwa namna ile.

“Hiyo imepasuka,” alisema Mwalimu Ushijima.

“Imepasuka,” alisema Fundi.

“Mimi sikuagiza iliyopasuka.”

“Hukuagiza.”

“Basi nasubiri niliyoagiza.”

“Mwalimu, tafadhali,” alisema Mitsuyo. “Humwoni jinsi alivyo?”

“Namwona vizuri sana. Miwani nimevaa.” Akainua kikombe chake cha sake. “Wewe mimina, mwanangu. Mwache baba yako afanye kazi.”

Taa ilikuwa imebaki moja. Fundi akaitazama pale kwenye trei, ndogo, ya manjano, haina habari. Hasira ikampanda, na hasira ile ilikuwa tamu, kwa maana haikuwa ya kujihurumia. Alimkasirikia mkono wake wa kulia kama mtu anavyomkasirikia mfanyakazi mvivu. Usipoweza kutulia, basi tetemeka mahali pengine! Akautia upepeo katika mkono ule wa kulia, akaubana kwa nguvu, na kwa mkono wa kushoto akachukua taa.

Hakuwahi kufanya hivyo maishani. Kama fundi yule aliyemfundisha kuchoma angekuwa hai, vifundo vya vidole vyake vingevimba.

Mkono wa kulia ulipokamata upepeo, ulitetemeka kama kawaida yake. Upepeo ukatetemeka nao. Na upepo uliotoka haukuwa ule wa kupiga puu, puu, aliouzoea miaka yote. Ulikuwa upepo mdogo, wa haraka, usiokatika, wa kumpulizia mtoto chai. Mkaa ukawaka chini chini, sawasawa, bila kurusha ulimi. Fundi akauona moto ule na kuganda. Moto wa namna hiyo alikuwa akiutafuta kwa ajili ya taa miaka thelathini na sita, na aliupata mara chache, kwa bahati.

Na mkono wa kushoto? Mkono wa kushoto ulikuwa umeandika “asanteni sana” asubuhi na jioni kwa miezi mitatu. Ulikuwa umejifunza kwenda taratibu, kuzunguka bila kuruka, kusimama mwisho wa mstari. Ukakizungusha kijiti cha mianzi robo, ukasimama. Robo, ukasimama. Nyama ikapata rangi ya kahawia, mafuta yakaanza kutoa povu, kiini kikaning'inia kwenye ukingo wa joto, kikang'aa, hakikugonga kitu.

“Hapo,” alinong'ona Bwana Eguchi, ambaye kwa kazi yake anaujua mkono unaokwenda vizuri. “Hapo hapo.”

Fundi hakumsikia. Akachovya nyama kwenye mchuzi, kiini kisiguse, akairudisha motoni kwa pumzi mbili, akanyunyiza chumvi kutoka juu, akaizunguka kaunta mwenyewe, mguu mmoja ukiburuta kidogo, akaiweka mbele ya Mwalimu Ushijima. Kiini kilitikisika mara moja kwenye sahani, kikatulia kizima.

Mwalimu akautazama mshikaki, juu na chini. Hapakuwa na doa jeusi. Akaufungua mdomo, akaingiza vyote kwa pamoja, akafumba macho. Watu saba, na Mitsuyo wa nane, walimwangalia shavu likivimba upande mmoja. Kisha kiini kilipasuka ndani, walijua kwa sababu nyusi zake zilipanda. Akatafuna bila haraka. Akameza. Akanywa sake.

“Chumvi imezidi,” alisema.

Fundi Yokomizo akacheka. Alicheka mpaka akashika kaunta kwa mikono yote miwili, mpaka machozi yakamtiririka, na hakuna aliyejua kama bado ni kicheko, na yeye mwenyewe hakujali. Alikuwa amerudi. Alikuwa dukani kwake, Jumamosi, na chumvi ilikuwa imezidi!

“Fundi!” Bwana Koga alisukuma tofu yake mbali kama imemtukana. “Mapaja manne! Ngozi sita! Nimeshinda na njaa tangu asubuhi, Fundi, sikula chochote mchana, nilikuwa naweka nafasi ya kuja hapa!”

“Si ulisema umeshiba?” alisema Bwana Eguchi.

“Na wewe na matango yako, kaa kimya. Mwongo mwenzangu.”

“Firigisi nne na shingo mbili!” alisema Bwana Eguchi. “Na ini. Laini, kama la Mwalimu.”

“Mioyo!” alisema mke wa kwenye kona, na mumewe akasema wapewe kila kitu, mwanzo wa trei mpaka mwisho, na kama kuna taa nyingine ajulishwe yeye kwanza.

Fundi akarudi nyuma ya jiko. Wa kulia ukapepea, wa kushoto ukageuza. Si kwamba alikuwa mwepesi kama zamani. Mishikaki minne kwa mara moja badala ya kumi na miwili, na paja moja lilianguka sakafuni akalitukana. Lakini mafuta yakadondoka, moshi ukapanda, bomba likaujaza mtaa harufu, na hazikupita dakika kumi vijana wawili wa kiwanda cha matairi walikuwa wamesimama mlangoni wakiuliza kama kuna kiti. Hakuna, aliwaambia Bwana Koga kwa kiburi kana kwamba duka ni lake, lakini kusimama kunaruhusiwa. Mitsuyo akamimina sake mpaka ikafurika kwenye glasi na kujaza kisanduku cha mbao kilichoishika, kama alivyokuwa akimimina mama yake, na mtu mmoja akamshangilia.

Kijitabu cha oda kikaisha. Kilikuwa na kurasa chache tu. Nani angefikiria kununua kipya? Mitsuyo akapapasa huku na huku, akafungua mkoba, akatoa ile karatasi iliyokunjwa mara mbili na kuilaza kaunta, upande mweupe juu, aandike. Wino wa upande wa pili ulionekana kwa kupenya.

“Lete hapa,” alisema Mwalimu Ushijima.

Mitsuyo akasita. Lakini kwa mtu yule hakuna anayesita mara mbili. Mwalimu akaigeuza karatasi, akaisoma. Bwana Eguchi aliyekaa karibu alikuwa ameisoma naye, na uso wake ulikuwa umebadilika.

“Nani kaandika hii?”

“Mimi,” alisema Fundi. Hakuacha kupepea.

“Kwa mkono gani?”

“Wa kushoto.”

Mwalimu akafungua mkoba wake, akatoa kalamu nyekundu. Alistaafu miaka minane iliyopita na bado anatembea na kalamu nyekundu. Akainamia karatasi.

“Mstari wa kwanza unapanda mlima. ‘Limefungwa’ limelala ubavu. Hii hapa ni ‘asanteni’ au ni kuku aliyekanyagwa? Na jina lako, Yokomizo, hata jina lako!” Kalamu ikachora duara, ikachora mstari, ikachora duara jingine. “Kitu kama hiki hakibandikwi mlangoni. Mtaa huu wote nimeufundisha mimi. Watu watadhani ulikuwa mwanafunzi wangu.”

“Samahani, Mwalimu.”

“Andika upya. Uniletee Jumamosi.”

“Na ikiwa mbaya?”

“Utaandika tena. Uniletee Jumamosi inayofuata.”

Fundi akageuza ini, robo, akasimama.

“Mpaka lini, Mwalimu?”

“Mpaka nitakapoipa alama zote,” alisema Mwalimu Ushijima, akafunga kalamu. “Waulize Koga na Eguchi. Katika miaka hamsini sijawahi kumpa mtu alama zote.”

“Ni kweli,” alisema Bwana Koga. “Hata mwanawe mwenyewe hakumpa.”

Mitsuyo akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. Akamtazama baba yake, moshi ukimpita usoni, mkono wa kulia ukipepea, mchirizi wa mchuzi shavuni.

“Utanipigia simu kila asubuhi,” alimwambia. “Saa moja kamili. Usiponipigia, Bwana Eguchi anakuja kugonga mlango.”

“Nitaupiga teke,” alisema Bwana Eguchi.

“Na kile chumba nakiacha kilivyo. Uje mwaka mpya. Kama mgeni.”

“Saa moja kamili,” alisema Fundi. “Haya, oda! Nyama inaungua na nyinyi mnapiga soga!”

Mwalimu Ushijima akaichukua chupa yake ya sake ya moto, akajaza kikombe kitupu, akakisukuma mbele ya Fundi bila kumtazama. Hilo pia lilikuwa halijawahi kutokea. Mitsuyo akaigeuza karatasi, upande wenye wino mwekundu ukaenda chini, na upande mweupe akaandika oda za mzunguko wa pili, zilezile: mapaja manne, ngozi sita, firigisi nne, shingo mbili, ini moja laini, mioyo. Akaining'iniza kwenye msumari juu ya jiko, mahali ambapo baba yake angeiona. Fundi akaisoma, akamaliza kikombe kwa funda moja, akakamata upepeo kwa mkono wa kulia, mkono ukaanza kutetemeka, na moto ukapanda.